Walikuwa Wawili

Benedikta, jirani yake, alimkuta Justina mnadani, amepiga magoti juu ya turubai, anakunja suruali za mitumba. Hakumsalimu. Aliinama, akamshika bega, akasema, "Redio imetangaza sasa hivi. Mwandishi ameachiwa."

Justina aliendelea kuikunja suruali iliyokuwa mikononi mwake mpaka mwisho, akaiweka juu ya nyingine. Ndipo akauliza, "Na Zengo?"

"Wamesema mwandishi."

"Hawakusema na mwenzake?"

"Nimesikiliza mpaka wakaingia kwenye michezo, dada yangu. Wamesema mwandishi wa habari wa Tanzania aliyeshikwa na watu wenye silaha huko Zaire ameachiwa, yuko hai. Wamemtaja Nathanael kwa jina lake na la baba yake. Basi."

Wanawake wa meza za jirani walikwisha sikia, wakaanza kupiga vigelegele. Mmoja alikuja mbio kumkumbatia. Justina alitaka kushukuru, lakini macho yalimkimbilia njia ya nyumbani. Nyumbani kwake alikuwako mama yake mzazi, Milembe, ambaye alifunga mzigo huko Nassa siku ile habari mbaya zilipofika, akaja Bariadi kungoja pamoja naye. Na mama na binti hawakuwa wakimngoja mtu mmoja. Nathanael alikuwa mume wa Justina. Zengo alikuwa mdogo wake, mtoto wa kiume wa pekee wa Milembe.

Wote wawili walikuwa watu wa ushirika zamani, Nathanael karani, Zengo dereva wa lori la pamba. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja vijijini na mizani zao, ushirika ukaishiwa nguvu, makarani wakapunguzwa na malori yakaegeshwa juu ya mawe. Magazeti ya watu binafsi nayo yalikuwa yanaota kama uyoga. Moja la Mwanza lilimchukua Nathanael kwa sababu alijua kuandika na hakuogopa kuuliza. Justina ndiye aliyemsumbua mumewe mpaka Zengo naye akapewa pikapu ya gazeti aiendeshe.

Vita vilipolipuka Zaire mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, mhariri aliwatuma Kigoma kuandika juu ya wakimbizi. Asubuhi ya safari Justina alimfuata mdogo wake kwenye mlango wa gari, akamwambia, "Usimwache shemeji yako. Popote aendapo, nenda naye."

Zengo alicheka. "Hata chooni?"

"Hata chooni."

Na Zengo alifanya kama alivyoambiwa. Pikapu ilibaki Kigoma, naye, dereva asiye na gari, akavuka ziwa na shemeji yake. Barabarani kusini ya Uvira watu wenye bunduki waliwashusha kwenye lori walilopanda, na tangu hapo hakuna aliyejua waliko. Gazeti liliandika juu ya "mwandishi wetu". Magazeti mengine yakaandika juu ya "mwandishi mwenzetu". Kanisani waliombewa wote wawili, lakini hata kule mwanzoni yalitajwa majina mawili, baadaye likabaki moja na "mwenzake".

Justina alirudi nyumbani akitembea polepole. Milembe alikuwa uani, anapepeta mahindi. Vigelegele alikwisha visikia. Mnada hauko mbali. Alimtazama binti yake usoni, akauliza kwa Kisukuma, lugha waliyozungumza siku zote wakiwa peke yao, "Ni mumeo?"

"Ndiyo, mayu."

"Peke yake?"

"Redio imemtaja yeye."

Milembe alipepeta mara chache tena. "Mshukuru Mungu," alisema. "Mshukuru kwanza kwa hilo." Kisha akauweka ungo chini, akazunguka nyuma ya nyumba. Justina alisimama akisikiliza. Hakusikia kilio wala kikohozi, na ukimya huo ulimtisha kuliko vilio vyote alivyowahi kuvisikia misibani.

Nathanael aliletwa na gari la gazeti. Aliposhuka, Justina alidhani ni mzee fulani waliyempa lifti. Nyayo zilikuwa zimefungwa bendeji, alitembelea fimbo, na shati alilovaa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Watoto wake wawili walijificha nyuma ya mlango. Alipomshika mkono mkewe, jambo la kwanza alilouliza ni, "Mama yuko hapa?"

"Yuko jikoni."

Nathanael aliinamisha kichwa. Milembe alikuwa amehamisha mkeka wake kwenye jiko la nje tangu asubuhi, maana kwao mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, wala hawatazamani machoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Ni heshima, na wote wawili walikuwa wameishika vizuri tangu siku ya mahari.

Wageni walimiminika. Walileta kuku, walileta mchele, walimshika mikono, wakamwambia Mungu ni mkubwa. Alijibu kila mtu kwa upole, akala kidogo sana, na kitandani akakataa kulala. Alitandika chini ukutani. Justina hakumwuliza kitu. Kila alipotaka kuuliza aliogopa jibu, na kila alipoacha kuuliza alijiona mwizi, kwa kuwa alikuwa na mwanamume ndani ya nyumba, na mama yake jikoni hakuwa na mtu.

Wageni walipopungua, Milembe alimwita. "Mwambie mumeo aje akae pale kivulini. Nina maneno."

Nathanael alikuja, akaketi kwenye kigoda nje ya ukuta wa jiko. Milembe aliketi ndani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Kati yao, kizingitini, akakaa Justina. Kila mmoja alisikia kila neno la mwenzake, lakini maneno hayakuweza kwenda bila kupita kwake.

"Muulize," Milembe alisema, "mara ya mwisho alimwona wapi."

"Mama anauliza, mara ya mwisho ulimwona wapi."

"Chini ya lori," Nathanael alisema. "Walikuwa na lori bovu walilolichukua kwa wafanyabiashara. Walituita majasusi, walitaka kutumaliza. Zengo akawaambia lori lao analiweza. Akalitengeneza likawaka. Kuanzia siku hiyo walitupa chakula. Ni yeye aliyetuweka hai, mwambie mama hivyo. Ni mikono yake."

Justina alimwambia. Milembe hakugeuka.

"Muulize aliachiwaje yeye."

"Walikuja watu wa dini na karatasi," Nathanael alijibu. "Karatasi ilikuwa na jina langu. Mkubwa wa wale wenye bunduki akasema, mwandishi achukuliwe, hana faida hapa, anakula tu."

"Muulize kama aliwaambia kwamba walikuwa wawili."

Justina alimtazama mumewe. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni ingawa kivulini palikuwa na upepo.

"Niliwaambia," Nathanael alisema. "Mara ya kwanza niliwaambia. Nikasema ni shemeji yangu, tumekuja pamoja, tunaondoka pamoja. Mkubwa akasema fundi habanduki kwenye lori, na nikiendelea kusema nitabaki naye." Alizitazama bendeji za nyayoni. "Waliponiuliza mara ya pili sikuwaambia."

Justina alifungua kinywa ili ayapeleke maneno hayo. Yalikuwa machache, na mama yake alikwisha yasikia. Hata hivyo ilibidi ayatamke yeye, kwa sauti yake, kuhusu mdogo wake. "Mara ya kwanza aliwaambia, mayu. Mara ya pili hakuwaambia."

Jikoni moto ulikuwa umezimika. Milembe alivuta pumzi. "Muulize kama mwanangu alisema lolote."

"Alikuwa bado uvunguni, nilimwona miguu tu. Alisema kwa Kisukuma, wale wasielewe. Aliniambia niende, nisigeuke nyuma."

"Miguu ilikuwa na viatu?"

Swali hilo Milembe alilitupa moja kwa moja, bila kungoja kupelekewa. Nathanael alijifunika uso kwa viganja.

"Haikuwa na viatu," alisema.

Kisha Milembe akasema, kwa sauti ileile ya mtu anayeagiza chumvi, "Mwambie arudi akamchukue."

Justina aliokota kijiti, akachora chini kizingitini.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mayu. Hilo silipeleki."

"Amekwisha lisikia."

"Amelisikia kwako. Kwangu hatalisikia." Aliikalia mikono yake. "Niliwahi kumpa mtu maneno ya namna hiyo. Nilimwambia Zengo asimwache huyu. Alinisikia, ona alipo. Sitamtuma mwingine."

Milembe alikuwa halijui hilo. Polepole aligeuza kichwa, akamtazama binti yake kama anamtafuta mtoto aliyemzaa ndani ya mwanamke yule. Nje, Nathanael alikuwa anajaribu kusimama. "Nitakwenda," alisema. "Mama ana haki. Nipe fimbo yangu." Aliinuka nusu, nyayo zikamkataa, akauangukia ukuta kwa ubavu na bendeji ikaanza kulowa damu.

"Hata chooni unashikwa mkono," Justina alimwambia, akimwinua. "Utakwenda wapi?" Akamkalisha. Kisha akasema, kwa wote wawili, "Nitakwenda mimi."

"Tutakwenda," Milembe alisema jikoni.

Mzigo wa mitumba aliuacha kwa Benedikta, akamwomba awaangalie pia Nathanael na watoto. Walipanda basi mpaka Shinyanga, kutoka hapo wakashika treni ya Tabora na kuunganisha ya Kigoma. Milembe alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikaa dirishani na mfuko wa michembe mapajani, viazi vile vikavu vya kwao, na hakuvigusa. Alisema ni vya Zengo.

Kigoma ilikuwa imejaa watu wanaotafuta watu. Mashua zilikuja kutoka ng'ambo zimeshona watu, na kila ilipokaribia, waliokuwa ufukweni walijitosa majini mpaka magotini wakiita majina. Justina alikuwa na picha ya arusi yake, Zengo amesimama pembeni ndani ya koti la kuazima. Aliionyesha kwa kila aliyeteremka. Milembe hakuwa na Kiswahili cha kutosha kuuliza. Alikwenda kusimama mbele ya vijana wa umri wa mwanawe, akawatazama mmoja mmoja usoni, halafu akawapisha wapite.

Wengi walitikisa vichwa bila hata kuitazama picha. Mwishowe mwanamume mmoja, mchuuzi wa nguo aliyekuja na mke na godoro tu, aliishika kwa muda mrefu.

"Huyu walimwita Tanzania," alisema. "Fundi. Niliwaona wakipita kijijini kwetu na lori, yeye amekaa juu ya mizigo kati ya bunduki mbili."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima. Alikuwa anakohoa. Walikuwa wanaelekea magharibi, porini. Huko kuna vita, mama."

Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyesema amemwona Zengo, siku hiyo na hata miaka iliyofuata.

Justina aliposikia neno mzima, akili zilimruka. Mashua iliyowaleta watu wale ilikuwa inapakua, irudi kuchukua wengine. Aliifungia picha ndani ya khanga, akaingia majini, akamshika mwenye mashua mkono, akamsihi amvushe. Mtu yule alimtazama kama mgonjwa. "Huko watu wanatoka," alisema. "Wewe unakwenda kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu. Yuko hai. Nimeambiwa yuko hai."

Alikuwa amekwisha weka mguu mmoja ndani ya mashua aliposikia anavutwa nyuma. Milembe alikuwa ameingia majini na mfuko wake wa michembe, gauni limemwelea, na ameikamata khanga ya bintiye kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, lakini alivuta kama anavuta ng'ombe kwenye tope.

"Niache, mayu. Si ulitaka afuatwe?"

"Nilitaka."

"Basi niache."

"Siwezi," Milembe alisema. "Siwezi, ng'wanone, mwanangu. Toka." Na alipoona Justina hatoki, alikaa palepale majini, maji yakamfika kifuani, bado ameshikilia ile khanga. Mfuko ulimponyoka, viazi vikaanza kusambaa juu ya maji. Justina alishusha mguu. Alikaa karibu na mama yake, akamkumbatia kichwa, na hapo ndipo Milembe alipolia kwa mara ya kwanza tangu Nassa. Watu waliokuwa wakishuka kutoka kwenye mashua waliwazunguka wakapita.

Walikaa Kigoma mpaka nguvu za kuuliza zikawaishia, ndipo wakarudi kwa njia ileile.

Nathanael alikuwa stendi ya Bariadi basi lilipoingia, ameegemea fimbo, watoto wake kila mmoja upande wake. Hakuna aliyempelekea habari. Alikuwa akija kulipokea kila basi la Shinyanga. Alimwona Milembe akishuka, akarudi nyuma kumpisha. Alimwona Justina. Kisha macho yake yalirudi kwenye mlango wa basi, akaendelea kuutazama abiria walipokuwa wanatoka na mabegi yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka kondakta akatoka wa mwisho na kuubamiza.

Milembe alimpita kwa mbali, kichwa ameinamisha kama desturi inavyotaka, akashika njia ya nyumbani.

"Twende," Justina alimwambia mumewe. "Hakuna mwingine."