Sanduku Chini ya Meza ya Kukatia

Sanduku lilikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa tangu marehemu mume wa Mama Cherehani alipozikwa. Ndani mlikuwa na santuri zake za dansi za mwanzoni mwa miaka ya tisini, zile zilizopigwa kwa mitambo, besi nzito na mwangwi. Kila Jumamosi mama huyo alilifuta vumbi, wala hakulifungua. Leo cherehani ya pili inaletwa, na chumba ni kimoja. Basi alikuwa ametoa neno: santuri zikilia, zinabaki, zisipolia, ziende zake.

Mkwewe, fundi redio, alikuja na mashine ya kuzipigia. Binti yake akasoma jalada la kwanza, akacheka.

"Mama, wimbo mmoja umerudiwa mara nne! Huyu mwimbaji hakutosheka?"

"Kila mara ni upishi mwingine, wimbo umeungwa upya. Mara ya tatu mwimbaji hayumo, umebaki mwangwi wake tu. Baba yako alikuwa hasikii la mtu kwa huo."

Fundi akashusha sindano juu ya huo wa tatu. Ikatoka sauti ya ng'ombe mgonjwa.

"Joto limezila, mama. Pole sana."

"Hujakosea kitu, mwanangu?"

"Aa, mama! Santuri kubwa huenda pole, ndogo huenda mbio. Hilo mimi sifundishwi."

Mama akarudi kwenye sare za shule, maana kazi haina matanga. Akakanyaga pedali. Ng'ombe akazidi kulia. Lakini mguu ukagoma: kila ngoma ilipodunda, wenyewe ulikuwa umeshatangulia. Miaka ile marehemu alifanyia mazoezi ya kucheza papa hapa, naye akishona pembeni. Mguu ulikuwa na kumbukumbu zake.

"Haijafa," akasema. "Inachelewa."

"Lakini mama..."

"Mguu huu umeshona shule nzima kwa ngoma hiyo. Hapo ubavuni pana kiswichi cha mwendo. Kisukume."

Fundi akakisukuma kutoka mizunguko thelathini na tatu kwa dakika hadi arobaini na tano, mwendo wa santuri ndogo, kwa uso wa mtu anayemridhisha mgonjwa.

Lo! Ngoma ikaruka kama imemwagiwa maji. Besi ikachezesha vifungo koponi. Neno moja la mwanamke likaita, likazama, likarudi kutoka mbali, mara tatu, likiyeyuka.

"Hilo hufundishwi, eeh?" binti akamsukuma mumewe kwa nyonga.

"Nifundisheni tu, jamani, niko chini ya miguu yenu!"

Mama alikuwa akikanyaga, machozi na kicheko pamoja, akinong'ona, "Ahsante, Mola wangu." Alipotazama kitambaa, alikuta ameuziba mkono wa shati la watu. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Mlangoni mtu akapiga hodi, mkokoteni nyuma yake.

"Mama, cherehani yako hii. Tuiweke wapi?"

"Barazani, baba," akajibu, mguu haujatulia. "Humu ndani kumejaa."