Taa Nyekundu ya Injini ya Pili

...na sasa niandike nini kwenye hii karatasi yake ya kuombea kazi, Aule amesema niandike tu vile ninavyomjua, amekaa pale anapuliza chai, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti, na joto hili la Isiolo, nani huvaa koti, naujua ule mkono, mimi ndiye niliyeufunga bendeji siku mafuta ya moto yalipouunguza, mwaka wa sabini na tisa, ndani ya meli mpya ya doria kule Mombasa, meli ya taa na vifungo, zile za zamani ulizijua kwa sikio, unagusisha bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, injini inakwambia yenyewe inaumwa wapi, na langu lilifunzwa na koor, zile kengele za mbao za ngamia wa babu, nililala nikijua ni ngamia yupi ametoka kundini, basi kozi ya mashine mpya ilipokuja nikamwachia Aule, nikacheka, nenda wewe, mimi nina masikio... "Wanataka mtu alifanya kazi na mimi, fundi," anasema, "hiyo pampu ya maji ya Rapsu, kule Kinna, iko na taa kama zile zetu," zile zetu, Ya Rabi, anasema bila kinyongo, na mke wangu Luul kutoka jikoni, "Shuriye, mgeni asiachwe na lori ya Kinna," ndiyo, naandika... taa nyekundu ya presha ya mafuta iliwaka, kengele ikalia, Aule akasema fundi tuzime injini ya pili, nikaweka bisibisi, nikasikiliza, nikasikia injini nzima kabisa, nikasema hii kengele ni ya kutisha watoto, nikaizima kwa kidole hiki, hiki hiki kilichoshika kalamu, nikamtuma akaze bomba la mafuta, na bomba likapasuka... walipouliza nani alizima kengele nilinyamaza, sikusema uongo hata mmoja, ndivyo nilivyojifariji miaka sita, Aule alisema ni fundi Shuriye, lakini nani angemwamini mgeni wa kazi mbele ya fundi mkuu, tena aliyesomea vifungo ni yeye, wakamfukuza, mimi nikastaafu kwa heshima, cheti changu kiko ukutani juu ya kichwa chake, hajakitazama hata mara moja, afadhali angenitukana... najuta, wallahi najuta, na majuto ni mjukuu, huyu wangu amekuja mwenyewe na kunywa chai... nikiandika hodari, mwaminifu, mchapakazi, yote ni kweli, labda itatosha... "Wameuliza pia kwa nini nilitolewa," anasema Aule polepole, "hapo sikujaza, nimekuachia wewe," na kweli kuna nafasi pale chini ya karatasi, mistari mitatu tu, alisafiri kutoka Lodwar kwa ajili ya mistari mitatu... Luul ananiita tena, Aule bado anapuliza chai, kalamu bado haijagusa karatasi, lakini najua itaanzia wapi, si kwa hodari wala mwaminifu, itaanzia kwamba kengele ilisema kweli, na aliyeizima ni mimi.