Mikono ya Umoja wa Hopkins

Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana, wanachama ishirini na watatu wa Umoja wa Wakenya wa Hopkins, mji wa ughaibuni, walikutana katika chumba cha sherehe cha jengo la fleti anakoishi mwenyekiti. Buti za theluji ziliachwa mlangoni. Mandazi yalifunikwa kitambaa yasije yakaisha kabla ya ajenda.

Mwenyekiti, Harrison, alikuwa ameingia madarakani kwa kura tisa tu. Alishinda kwa sababu wapinzani waligawana zile kumi na nne zilizobaki: kambi ya Kiprop saba, kambi ya Kerubo saba. Mwaka mzima wawili hao hawakusalimiana hata kanisani. Siku hiyo waliketi bega kwa bega kama maharusi, na kila mtu alijua serikali ya Harrison haimalizi kikombe cha chai.

Kiprop alisoma hoja ya kutokuwa na imani. Kosa lilikuwa moja tu: kamati imemtupa Mama Rahab, mwanzilishi wa Umoja, ambaye tangu apate kiharusi yuko nyumba ya wazee kule Maple Grove, na mwaka mzima hajaonwa na mtu.

"Uongo mtupu," alisema Harrison. "Kamati yangu humwona."

"Lini, bwana mwenyekiti?" aliuliza Kerubo. "Alikuwa amevaa nini?"

"Kwani wewe ulienda?"

"Mimi? Mara ngapi!"

"Haya. Aliyemwona Mama Rahab mwaka huu anyooshe mkono."

Harrison alinyoosha wa kwanza, kamati ikamfuata. Wapinzani hawakuweza kukaa mikono mapajani mbele ya adui, nao wakanyoosha. Kerubo alinyoosha juu kuliko wote. Yeye ameajiriwa kuwatunza wazee katika nyumba ile ile, ghorofa ya pili. Mama Rahab yuko ya tatu. Wengi mle chumbani walikula kwa kazi hiyo. Waliwaogesha mama wa watu siku sita kwa wiki, na majina ya wajukuu wao waliyajua yote.

Mikono ikakataa kushuka.

Kiprop alimwomba jirani yake aning'inie kwenye wake. Jirani aling'inia, akachoka, akarudi kitini. Katibu, Kemunto, aliandika kwa mkono wa kushoto kwamba mikono iko juu na kikao kinaendelea.

"Wanaounga mkono hoja?" aliuliza Harrison.

Ishirini na watatu.

"Wanaopinga?"

Ishirini na watatu.

Katiba ya Umoja inasema kura zikilingana, mwenyekiti anabaki.

"Basi tupige kura kwa kusimama!" alisema Kerubo.

"Katiba inasema mikono, dada," alijibu Harrison. "Haikutaja miguu."

Kemunto akaweka kalamu chini. "Si twende tu tukamwone? Ni dakika ishirini."

Watu wakatazama soksi zao.

"Tukienda sasa," Harrison alisema polepole, "si itakuwa tumekiri?"

"Na theluji hii," akasema Kiprop. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana serikali na upinzani mwaka huo. Mandazi yakafunuliwa.

Jioni Kerubo aliingia zamu, mkono juu. Ndani ya lifti alibonyeza kwa mkono wa kushoto, ambao haukuzoea, akakosea namba. Mlango ulifunguka ghorofa ya tatu. Mama Rahab alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameelekea lifti. Alipouona mkono ule alidhani ni salamu, akainua wake ulio mzima.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Mkono wa Kerubo ukashuka wenyewe, mwepesi. Akautumia kubonyeza mbili.

Usiku huo aliwapigia wenzake simu, hata kamati. Kuona kunatosha, aliwaambia, hakuna haja ya kutoka ndani ya lifti.

Jumapili baada ya ibada wakaja, mmoja mmoja, koti mwilini, injini zikinguruma nje. Lifti ilifunguka mara ishirini na mbili. Mama Rahab alikaribisha mara ishirini na mbili. Mikono yote ikashuka, na Jumatatu watu walikwenda makazini kama kawaida, wa ghala la Shakopee na wa mahospitalini.

Mama Rahab alimwita Elisée, mhudumu Mkongo wa ghorofa yake.

"Baba, hii lifti yenu mbovu. Inaleta watu, halafu inawarudisha."

"Tutaita fundi, mama," alisema Elisée, akamgeuzia kiti dirishani.