Kidoti cha Shavu la Kushoto

Nilipoingia kwenye turubai la msiba pale Debre Birhan, nikakuta watu wananililia mimi. Mimi Etagegn, mzima wa afya, na matope ya safari miguuni!

Picha kubwa ya pacha wangu Asnakech ilikuwa imeinuliwa juu, kama ilivyo desturi yetu, wanawake wanajipiga vifua na kuiita kwa jina. Lakini uso ule ulikuwa wangu. Kidoti shavu la kulia! Cha Asnakech kilikuwa kushoto, na hata mama yetu alitutofautisha kwa hicho tu. Maisha mazima tumechanganywa. Siku ya harusi yake, bwana harusi alinishika mkono mimi. Sasa hata kufa asife na sura yake?

"Nani kaleta uchafu huu?" nikafoka.

"Mimi, mama mdogo," akajibu Wubalem, binti wa Asnakech, macho yamevimba. "Alijipiga picha mwenyewe kwa simu."

"Na simu imemgeuza kama kioo! Umenyonya kwake, halafu hukijui kidoti chake?"

"Etagegn, jamani, tupo msibani," bibi mmoja akanikanya, sahani ya ngano ya kuchemsha mkononi.

"Msiba wa nani? Hapo mnamlilia nani?"

Kweli, mimi na Asnakech tulikuwa hatusemezani tangu tulipogombania shamba la mama. Lakini ndugu ni ndugu. Nikaipokonya ile picha, nikamburura Wubalem hadi chumbani, nikaielekeza kwenye kioo cha kabati. Kiooni kidoti kikarudi kushoto.

"Huyo ndiye mama yako! Nenda ikachapishwe upya, sasa hivi!"

Wubalem hakuitazama picha. Alikuwa ananitazama mimi mle kiooni, kidoti changu nacho kimehamia kushoto, akaanza kulia.

"Nilimwambia imegeuka," akasema. "Akanikataza nisiirekebishe. Alisema hana picha yako hata moja, kwa hiyo akitaka kukuona anaitazama hiyo."

Hasira zikanipanda upya, ila sasa sikujua nimtukane nani. Asnakech, mjinga wewe! Simu unayo mkononi, si ungenipigia tu?

Nikarudi na picha turubaini. Nikaiinua mwenyewe, juu kabisa, na kidoti chake kulia vilevile, nikajipiga kifua na kumwita dada yangu kwa jina lake mpaka sauti ikakauka.