Kabla Nkuba Hajala

Mwezi wa sita, mwaka sabini na tano, Budeba alipanda Mufindi na baiskeli yake akiwa na shati la mikono mifupi. Mtu wa Ubaruku huyo, kazoea jua la mashamba ya mpunga. Nani angemwambia kwamba baridi ya Makambako haina adabu? Manyunyu yalimpiga tangu asubuhi. Vidole viligoma kushika breki, na alikuwa peke yake kwenye lami ndefu, siku ya pili sasa.

Mama yao, yeye na kaka yake Nkuba, alikuwa amezikwa juzi. Baba alimtuma Mafinga kwa Nkuba, mpasua mbao, akamsisitizia: "Msiba hatumwambii mtu mwenye njaa. Kwanza ale, ashibe, ndipo umwambie. Na asikie kwako, si kwa watu." Ndivyo walivyofanyiana katika ukoo wao, na Budeba hakuwa mtu wa kuvunja neno la baba.

"Habari za utokako?" aliuliza mama mmoja aliyebeba kuni.

"Nzuri," akajibu. Ungemjibuje mtu usiyemjua, tena mvuani? Akakanyaga pedeli. Tangu mazishini hakuwa ametamka kwa mdomo wake kwamba mama hayupo.

Kabla ya Nyololo, pancha! Jamani, siku nyingine zina mkosi. Kiraka kilikataa kushika kwenye unyevu, kikabanduka mara tatu. Budeba akatupa kikopo cha gundi vichakani, kisha akaenda kukitafuta kwa magoti, akijitukana. Akiwa chini hivyo akasikia lori linapanda. Akalitambua: la Firoz, mfanyabiashara wa mchele pale Ubaruku, na dereva wake Saulo alikuwepo mazishini. Juzi lori lilikuwa bovu. Ndiyo maana Budeba akaondoka na baiskeli. Akakimbilia barabarani akipunga mikono yote miwili. Ukungu ulikuwa mzito. Lori likapita, likammwagia maji machafu.

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea aibu. Saulo angeshusha mchele Mafinga, angemwona Nkuba, na mdomo wa Saulo haujui kusubiri.

Akashindilia majani ndani ya tairi, akaendelea. Baiskeli ilidunda, mgongo ukamuuma, milima haikwisha. Hakupishana na mtu hata mmoja. Alimkasirikia Saulo, akamkasirikia baba, na mwisho akamkasirikia hata mama kwa kufa.

Giza likianza kuingia, alifika chumbani kwa Nkuba. Ugali ulikuwa umekwisha kupikwa, wa kutosha watu wawili. Nkuba akamvua shati lililolowa, akampa koti lake, akamwambia anawe. Hakuuliza habari za nyumbani. Budeba akashukuru moyoni.

Wakaanza kula. Nkuba alikata tonge, akalitafuna muda mrefu, akalimeza kama mtu anayemeza dawa chungu. Akakata jingine. Alikula mpaka sahani ikawa nyeupe, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, wala hakuyafuta.

Kisha akanawa, akakaa sawasawa mbele ya mdogo wake.

"Haya," akasema, "nimeshiba. Sema ulichotumwa."