Ombi Lililofika Ofisini

Uvumi ule ulimganda Mama Pacha kama kipande cha uzi kwenye sketi nyeusi. Ukiupangusa huku, unajishika kule. Eti haoni. Eti anashona kwa kupapasa.

Aliusikia bombani, pale kwenye karakana ya kushona sare za shule, kwa yule mpiga pasi mwenye maneno mengi.

"Mama Pacha, nikushike mkono nikuvushe mlangoni?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini kwa hofu. Wiki ile ilikuwa imetangazwa kwamba fundi mmoja wa mashati meupe atapunguzwa, na kwenye mashati meupe walikuwa wawili tu: yeye na Kidoti.

Habari ya macho yake ilijulikana na Mungu na Kidoti. Na Mungu hana umbea.

Kila asubuhi, kabla cherehani hazijaanza kunguruma, wawili hao walisimama nyuma ya majora ya vitambaa, wakashikana mikono. Kila mmoja alitaja shida yake kwa sauti, mwenzake akaitikia amina. Ndipo Mama Pacha alipoitaja yake: tundu la sindano limekuwa ukungu. Tangu hapo Kidoti ndiye aliyemtungia uzi. Ukikatika katikati ya kazi, Mama Pacha hukohoa kidogo, na Kidoti huja kama anayetafuta mkasi.

Siku hiyo uzi ukakatika. Akakohoa. Kidoti hakuinua kichwa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayezama.

"Una mafua, mama yangu?" Alikuwa msimamizi, amesimama nyuma yake. "Hebu tunga uzi nione."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akaulamba uzi, akausokota, akaupeleka. Ukapita pembeni. Akaupeleka tena. Jasho likamdondokea kwenye kola nyeupe ya mtoto wa watu.

"Pole, mama," msimamizi akasema taratibu. "Jioni uondoke na mkasi wako."

Getini alimngoja Kidoti.

"Shoga, ni wewe?"

"Sikusema uongo."

"Nilimwambia Mungu, sikukwambia wewe!"

"Ulimwambia huku umenishika mkono. Nami nina wanangu, niliomba nibaki." Kidoti akamtazama. "Haya, na wewe baada ya amina ulikuwa unanong'ona nini? Unadhani mimi kiziwi?"

Mama Pacha akageuka, akashika njia. Maana alichokuwa akinong'ona ni hiki: *Mungu, msimamizi aione ile mikono ya mashati anayoishona Kidoti kombo.* Ndiyo sala yake ya kutaka abakizwe yeye. Tofauti ni kwamba Kidoti ombi lake alilipeleka kwa msimamizi ofisini, kwa miguu.

Lakini kujua hivyo hakukumpoza. Aliyekutungia uzi ndiye aliyekuvua nguo mbele ya watu, hilo halimezeki.

Nyumbani pacha walimpokea mlangoni. "Mama, mbona leo mkasi umekuja nyumbani?"

Akaingia chumbani, akapiga magoti. Neno la kwanza lililomjia lilikuwa, *Naye afukuzwe.* Akalishika kabla halijatoka, akaligeuza, akaliona sura: lilikuwa lile lile la asubuhi, limebadili gauni tu. Akatafuta ombi jingine ndani yake, asilipate. Hilo ndilo lililomliza.

Basi, mama mwenye shida, na binti unayeanza kazi, yaepukeni haya:

Usipige goti huku umemkunjia mtu ngumi.

Usiseme "Mungu, nisaidie" na maana yako ni "Mungu, mwangushe yule."

Usimpe mtu siri kwa kuwa mmefumba macho pamoja. Kufumba macho si kufunga mdomo.

Ombi la mwenzako usilifanye habari, hata kama una njaa.

Na macho yakiingia ukungu, usiombe tu. Nenda kapime.