Sahani ya Mtoto Mzima

Kule maabara walimwita Mashine, kwa sababu hakosei. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikuza seli kwenye visahani na hajawahi kuchanganya hata kimoja. Wenzake wakivuruga mambo, yeye ndiye wa kuyanyoosha. Asubuhi hiyo aliinamia hadubini akaomba, kwa moyo wake wote, awe amekosea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyumbani. Mtoto wa kwanza wa dada yake alikuwa hoi kitandani, miaka mitano, hawezi tena kukaa wala kusema, na daktari alishuku protini moja. Ndani ya seli kuna vifuko vidogo vinavyobeba shehena, na protini hiyo ndiyo inayoviongoza hadi kwenye utando wa nje wa seli, vifunguke, shehena ipite. Isipofanya kazi, vifuko hurundikana katikati kama mizigo iliyokosa wa kuipokea, na seli hufa taratibu. Ili kupata uhakika, zilitakiwa seli za ngozi ya mtoto mwingine, mzima, za kulinganishia. Dada akamtoa mdogo wa mgonjwa, wa miezi mitatu, bila kusita.

"Chukua ya huyu," alisema akicheka. "Huyu ni chuma."

Rangi ya kijani, inayoonyesha vifuko vilipo, ilipaswa kung'aa pembezoni mwa seli za huyo chuma. Iling'aa katikati, rundo, sawasawa na za kaka yake.

Umechanganya visahani, mama, alijiambia, rudia. Akarudia. Wiki zikapita, na mara ya tatu mkuu wake alibandika namba mwenyewe ili asijue kipi ni cha nani. Yakawa yale yale.

Dada alimngoja kwenye benchi la korido, mtoto mapajani. Aliambiwa yote, hakufichwa neno.

"Umekosea," dada alisema. "Kila mtu hukosea, mdogo wangu. Sema tu umekosea, wala sitakulaumu."

"Nimerudia mara tatu, dada."

Mashine angetoa chochote alichonacho apate kusema, nimekosea. Mtoto akaanza kulia. Dada akampa ziwa. Kaka wa mtoto huyu alianza kuugua kwa kupaliwa na maziwa, alipotimiza miezi sita. Wakakaa pale wote wawili, wakimsikiliza mtoto anavyomeza.